Bi Otilia Arredondo na Mti Uliokuwa Ndani ya Mbuzi

Wasifu huu umeandikwa na shemeji yake marehemu, Eleuterio Maulén, mume wa mdogo wake Zunilda, kwa agizo la marehemu mwenyewe. Agizo lilikuwa fupi: "Usinipambe, Shemeji. Ukinipamba watu watadhani mmekosea jeneza." Kwa hiyo humu Eleuterio atatajwa kwa jina lake kama mtu mwingine yeyote, na palipo na hasara yake itaandikwa hasara.

Walionana mara ya kwanza Oktoba 1953, msimu wa kamba-kochi ukiwa umefunguliwa tu. Eleuterio alikuwa kijana wa Talcahuano, kule bara, ameshuka gatini na magunia ya vitunguu, mabuti ya mpira na mbuzi jike mmoja, akiamini kwamba kufikia Krismasi kisiwa kizima kitakuwa kinamdai chenji. Wakati anapatana bei ya vitunguu, mbuzi alikata kamba, akapandisha kilima, akaingia ua wa kwanza aliokutana nao, akautafuna mche wa mkabichi hadi kwenye udongo. Eleuterio alipofika akihema, alimkuta msichana wa rika lake amemshika mbuzi pembe zote mbili.

"Huyu wa nani?"

"Wangu, dada. Samahani sana. Nitakulipa mche mwingine."

"Utautoa wapi?"

"Si kabichi? Nina mbegu za kabichi kwenye gunia."

Wanawake waliokuwa wanapita walicheka mpaka wakatua ndoo zao. Kabichi yetu, kwa wageni waliokuja leo kutoka bara, ni mti. Una majani mapana kama sinia, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na maua ya rangi ya chungwa yanayoning'inia vichwa chini. Hakuna aliyewahi kuupika akafurahi. Mbegu ya ule mche baba yake Otilia aliichuma kwenye jabali la baharini, mahali ambapo mbuzi mwitu hawafiki, na siku aliyoileta nusura boti ibaki huko.

"Mti wangu uko wapi?" Otilia akauliza.

"Umeliwa, dada."

"Ulioliwa uko wapi?"

"Uko tumboni mwa mbuzi."

"Haya. Mti ni wangu, na uko ndani ya mbuzi. Nitolee mti wangu, au niachie na mfuko uliomo."

"Mbuzi mzima kwa mche wa shubiri mbili? Hiyo haki ya wapi?"

"Basi mchukue mbuzi. Tumbo liache hapa."

Eleuterio aliteremka gatini mikono mitupu. Siku chache baadaye alimnunua mbuzi yule yule kwa mabuti yake mazuri kuliko yote na vitunguu juu. Mbuzi alikuwa na mimba. Otilia alikuwa ameliona hilo na kulitia kwenye bei. Eleuterio aliligundua njiani akirudi.

Bi Otilia Arredondo Balbontín alizaliwa hapa hapa San Juan Bautista, kisiwa cha Más a Tierra, tarehe 3 Machi 1931, mtoto wa kwanza wa Mzee Crisólogo Arredondo, mtegaji wa kamba, na Bi Domitila Balbontín. Mkunga alikuwa nyanya yake, kwa sababu mkunga mwenye cheti alikuwa bado baharini anatapika, meli ikiwa siku mbili kutoka hapa. Mzee Crisólogo hakupata mtoto wa kiume, na mwamba wake wa kamba alimpa mtoto wa ndugu yake, maana ndivyo ilivyokuwa desturi. Otilia alikuwa msichana mdogo, lakini alilikumbuka jambo hilo, na tutaliona lilikofikia.

Alisoma shule ya kisiwa kuanzia 1938 hadi 1943, mpaka darasa la sita, ambalo ndilo lilikuwa la mwisho. Mwaka mmoja alikuja mwalimu mpya kutoka bara akawataka wachore ramani ya kijiji. Darasa zima lilikichora kijiji kama kinavyoonekana ukiwa majini: paa juu ya paa, msalaba wa kanisa juu ya paa, pengo la mlima juu ya msalaba. Barabara hata moja hakuna. Mwalimu akawapa wote sifuri. Otilia alisimama akasema, "Mwalimu, hicho ndicho kijiji. Wewe bado hujakiona." Jumamosi baba yake alimchukua mwalimu kwenye boti. Mwalimu aliurudisha mlo wake wote kwa samaki, lakini Jumatatu aliwapa wote alama, na Otilia akadai ya kwake iongezwe kwa usumbufu.

Kazi yake maisha yote ilikuwa kusuka mitego. Fito za mti wa maki alizikata mwenyewe bondeni, akazikunja zikiwa mbichi, na mtego wake ulidumu misimu kadhaa ambapo ya wengine huvunjika kwa dhoruba ya kwanza. Eleuterio, ambaye kufikia wakati huo alikuwa ameacha vitunguu na kununua boti, alikuwa mteja wake mkubwa na msumbufu kuliko wote. Kila mtego aliuvuta, akaubonyeza, akaunusa.

"Shemeji," Otilia alikuwa akimwambia, "unanunua mtego au unaposa?"

Maana walikuwa wameshakuwa mashemeji. Tarehe 12 Februari 1955, katika kanisa la hapa kijijini, Otilia aliolewa na Abelardo Solís, mtegaji, mtu mpole aliyekuwa akiomba ruhusa hata ya kupiga chafya. Walipata watoto wawili, Hernán mwaka 1956 na Rosaura mwaka 1959. Miaka miwili baada ya harusi hiyo Eleuterio alikuja kumposa Zunilda. Baba alikuwa amefariki, kwa hiyo dada mkubwa ndiye aliyekaa kitini.

"Unamtaka mdogo wangu?"

"Namtaka."

"Mbuzi wako wamefungwa?"

"Wamefungwa wote."

"Basi mengine tutazungumza."

Sasa inabidi kusema habari ya alama. Waliozaliwa hapa wawavumilie wageni. Mwamba wenye kamba uko chini ya maji na hauna mlango. Mtegaji huupata kwa mistari miwili. Vitu viwili vya nchi kavu vikikaa kimoja chini ya kingine, mti chini ya kilima au kaburi chini ya jabali, huo ni mstari mmoja. Upande mwingine wa ghuba kuna viwili vingine, huo wa pili. Mistari inapokatana, teremsha mtego. Ukikosea kwa urefu wa boti moja, unavuta mchanga. Hiyo ndiyo alama, nayo ni mali kama nyumba. Hurithishwa, haiibwi, na haisemwi, hata kitandani. Asiye na alama ana boti tu.

Eleuterio alikuwa mtu wa kuja. Hakurithi alama. Aliitafuta yake kwa kuvuta mchanga miaka na miaka, mpaka mwaka 1961, asubuhi moja ya Desemba, mtego ulipopanda umejaa hata mlango haufunguki. Aligeuka haraka kutazama nchi kavu ili aishike mistari kabla boti haijasogea. Mstari mmoja hautasemwa hapa. Wa pili ulikuwa mkabichi. Otilia alikuwa amepanda mwingine pale pale langoni ulipoliwa wa kwanza, na sasa ulikuwa mti mzima, mviringo kama mwavuli, umechanua mbele ya ukuta mweupe, umekaa sawasawa chini ya pengo la mlima.

Kuanzia siku hiyo kijiji kilimwona Eleuterio Maulén, ambaye hajawahi kutoa hata salamu bila kuuliza atarudishiwa nini, akipandisha kilima na ndoo ya samadi. Akaujengea mti ua. Akaumwagilia maji wakati wa kiangazi. Akawa anafukuza hata kuku.

Otilia alimtazama misimu miwili bila neno. Halafu, mwaka 1963, akamwita jikoni, akamtilia chai.

"Shemeji, nataka kupanua jiko. Ule mti langoni naukata Jumanne."

Kikombe kilisimama njiani. "Ukate mti? Ndege watakula wapi?"

"Ndege? Tangu lini wewe na ndege?"

"Wale vindege wekundu wanaovuma, watoto wanawapenda."

"Watoto wa nani? Wangu wanawapiga manati."

"Nitakujengea jiko upande wa nyuma. Bure."

"Bure?" Otilia akaketi. "Yesu na Maria. Kumbe ndiyo alama yako."

Eleuterio hakujibu, na kwa desturi yetu asiyejibu hajasema. Otilia naye, kwa desturi hiyo hiyo, hakuuliza ni mstari upi na unakatana na nini. Aliuliza kimoja tu.

"Una mbuzi wangapi sasa?"

Walikuwa kundi zima, wajukuu na vitukuu wa yule wa kwanza, na jibini yao ilikuwa ikiuzika vizuri mpaka kwenye meli. Walikuwa pia wameshakula kila kitu cha kijani kuanzia makaburini hadi mlimani, isipokuwa mti mmoja wenye ua.

"Chagua," Otilia akasema. "Mbuzi au kamba. Vyote viwili vinakula kwangu."

Mwezi huo mbuzi wote walipanda meli kwenda Valparaíso. Eleuterio alisimama gatini akiwatazama, na wako watu hapa wanaosema alilia. Ulikuwa upepo. Jiko la nyuma pia alilijenga, kwa sababu Otilia alisema neno "bure" lilikuwa limeshatoka.

Tarehe 20 Juni 1968 Abelardo alianguka mezani, kijiko mkononi, akafa kabla supu haijapoa. Alama zake za kamba, mbili nzuri alizoachiwa na babu yake, zilikwenda naye. Hakuwa amemwambia mtu. Hernán alikuwa na miaka kumi na miwili na bahari ilimchefua hata akiiona dirishani. Rosaura alikuwa na miaka tisa, na aliyekuwa akiutaka usukani ni yeye. Bi Otilia alibaki na watoto wawili, boti moja, mitego bora kuliko yote kisiwani, na hana pa kuiteremsha. Alilia siku zake, kisha akarudi kwenye fito. Lakini Zunilda anashuhudia kwamba tangu siku hiyo dada yake alikuwa na jambo moja kichwani: Rosaura asije akaachiwa boti tupu kama alivyoachiwa yeye.

Wakati huo huo mikabichi ilikuwa inaanza kupumua. Mbuzi hakuna, na mti wa Otilia ulimwaga mbegu kila mwaka. Akiwa hana cha kupeleka harusini wala kwenye ubatizo, alipeleka mche kwenye mkebe wa maziwa. Watu walidhani ni ukarimu. Ulikuwa ukarimu, na pia mkebe ulikuwa wa bure. Bwana mmoja wa chuo kikuu alipanda kilima kuja kuutazama mti, akamweleza kwamba ile si kabichi hata kidogo bali ni ukoo wa alizeti, na kwamba tawi lake ndani ya ukoo huo, aina zake kumi na moja, halipatikani popote duniani isipokuwa visiwa vyetu, na hapa penyewe ilikuwa imebaki miti ya kuhesabika kwenye majabali.

"Ulifikaje hapa?" Otilia akamuuliza.

"Hatujui kwa hakika, señora. Pengine mbegu moja, zamani sana, kwa upepo au kwa ndege. Halafu ikashindwa kuondoka."

"Kama akina Arredondo," akasema, na akampa mche.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba Oktoba 1972 Eleuterio alitoka kwenda kufungua msimu, akafika kwenye mstari wake, akageuka kutazama nchi kavu, na asiujue mti wake. Mikabichi ilikuwa imechanua kila lango. Mwavuli wa chungwa hapa, mwavuli wa chungwa pale, jirani mmoja ana miwili. Miche ilikuwa imerefuka katika miezi ya baridi, na kuta zote zilikuwa zimepakwa chokaa kwa sikukuu. Alichagua mti, akateremsha, akavuta mchanga. Akachagua mwingine, akavuta mkunga mmoja aliyemng'ata kidole. Mpaka Krismasi alikuwa hajui hata nyumba yake iko wapi, na wenzake gatini wakawa wanamuuliza kama ameanza biashara ya kuuza mchanga.

Alipandisha kilima amevua kofia.

"Otilia, mti wako ni upi?"

Alicheka mpaka akashika mlango. "Shemeji, ule wenye jiko la bure nyuma yake."

"Usinitanie. Kutoka baharini yote ni mmoja. Umenimaliza kwa zawadi zako."

"Unataka niwaambie watu waikate?"

"Nataka uwe na kitu pale nitakachokiona. Tundika chochote."

"Nitatundika shuka la buluu la kitandani. Kila siku unapotoka, litakuwa chini ya mti." Akaacha kucheka. "Na kila mtego wa pili utakaovuta pale ni wangu."

"Nusu? Kwa shuka?"

"Shuka ni zawadi. Nusu ni kwa mti. Na nusu ya alama, siyo ya kamba tu. Siku ukifa au ukiiuza, tunakaa hapa tena."

"Wewe si mtu wa dini, Otilia?"

"Jumapili. Leo Alhamisi."

Akakubali, kwa kuwa nusu ya kitu ni kubwa kuliko mchanga wote wa bahari. Shuka likatundikwa, na kijiji chetu, ambacho hakikosi macho, kikaona kwamba mjane Otilia anafua shuka moja kila asubuhi Eleuterio anapotoka, na kulianua akirudi. Hayakupita majuma mengi. Zunilda alimsubiri mume wake mezani, ameweka sahani moja tu, ya kwake.

"Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Unajua wanachosema. Jibu neno moja. Ni dada yangu au ni kamba?"

Eleuterio alifikiri sana, maana alama haisemwi. "Ni kamba."

"Una hakika?"

"Zunilda, dada yako angenitoza hata kwa hilo."

Akaletewa sahani.

Kwa nusu ile Bi Otilia alimsomesha Hernán hadi akafungua duka lake la mikate Valparaíso, na mkate wake ni mzuri, tumeula leo asubuhi. Rosaura alikataa kwenda bara. Alipofika umri aliifufua boti ya baba yake, akawa anatega mahali pa wazi, pale ambapo kila mtu anatega na hakuna anayepata. Wanaume walimpungia mkono, wengine kwa dharau. Mama yake aliutazama mchezo huo miaka yote kutoka langoni, anasuka. Mstari mmoja aliujua. Ule wa pili Eleuterio aliushika kifuani, na mwenye nusu hasemi bila mwenzake.

Maradhi ya figo yalimwanza Bi Otilia mwaka 2002. Alirushwa kwa ndege ndogo hadi Santiago, akakaa hospitali majuma kadhaa, akarudi akisema kwamba huko hata maji yana ladha ya watu wengine. Aliambiwa asile chumvi. Alikula. Wakati ule ule Eleuterio, ambaye Mungu hakumjalia watoto na ambaye mgongo ulikuwa umeanza kumkatalia, alikuwa akizungumza na Bwana Gumersindo, mwenye boti tatu, aliyetaka kuinunua alama. Bei ilikuwa nzuri. Otilia akasikia, akamwita, akiwa kitandani.

"Unauza?"

"Nazungumza tu."

"Uza. Nusu yako ni yako. Mwuzie ule mstari wako."

"Mstari mmoja haufai kitu, unajua."

"Najua. Mimi nitabaki na wangu, nao haufai kitu. Tutakuwa wazee wawili wenye kamba nusu nusu. Rosaura naye anavuta mchanga mbele ya macho yangu."

"Rosaura ni mwanamke, Otilia. Gumersindo ana boti tatu."

"Baba yangu aliwaza hivyo hivyo akampa mtoto wa ndugu yake. Unamkumbuka?"

Eleuterio alimkumbuka. Yule mtoto wa ndugu aliiuza boti, akaiuza alama, akanunua baa Viña, kule bara, akainywa.

Hawakuafikiana siku hiyo. Julai 2003 upepo wa kaskazini ulimaliza mazungumzo kwa njia yake. Mikabichi hukua upesi na ndani ni laini. Ule wa langoni ulikuwa mzee, ukavunjika kiunoni. Asubuhi yake Bwana Gumersindo alisikia kwamba mzee Maulén amefadhaika kwa sababu ya mti fulani, akapiga hesabu mwenyewe, na ofa ikarudi mfukoni. Eleuterio alipanda kilima, akamkuta Otilia ameketishwa mlangoni na blanketi, anakitazama kisiki.

"Sasa sote hatuna kitu," Eleuterio akasema.

"Kisiki kipo. Kitabeba shuka mpaka baridi ipite. Tunao muda wa kupanga mstari mwingine."

"Tupande mwingine hapo hapo."

"Hapa nikifa anakuja Hernán likizo na wajukuu. Hernán hatofautishi mti na mwavuli. Atajenga choo. Tafuta mahali ambapo hakuna atakayejenga choo."

Akageuza macho kuelekea makaburini.

Septemba, bahari ikiwa imetulia, Eleuterio alitoka na Rosaura akamwonyesha mistari yote miwili. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa amelala akifikiri, akaona kwamba alama isiyo na mtu wa kuivua ni mchanga pia. Kesho yake Rosaura alitia nanga juu ya mwamba peke yake, shuka la buluu likiwa kwenye kisiki, akalisimamisha kasia liwe ishara. Huku nchi kavu, Eleuterio alimsukuma Bi Otilia kwa toroli hadi makaburini, akamketisha kwenye kiti cha jikoni, mwavuli wa rangi ya chungwa mkononi badala ya mti. Rosaura akilaza kasia kushoto, kiti kinasogezwa kushoto. Akililaza kulia, kulia. Ilikuwa lazima mwavuli ukae chini kabisa ya ukingo wa mlima Yunque.

Mzee Nolasco, mtunza makaburi, akaja mbio. "Bi Otilia! Mnafanya nini na wafu?"

"Nachagua chumba."

"Hapo ni njia ya watu!"

"Sogeza, Shemeji. Kasia limelala tena."

Walisogea, wakasogea, wakapita karibu na ukuta, na kasia likasimama wima. Eleuterio akatazama chini ya kiti. Halafu akatazama tena. Kilikuwa kiwanja chake mwenyewe, alichokinunua kwa Mzee Nolasco miaka mingi nyuma, pembeni, penye upepo mzuri na ghuba yote mbele.

"Hapana," akasema.

"Kasia linasemaje?"

"Otilia, hiki ni changu. Nimekilipia. Sogea hatua moja tu."

"Hatua moja ni mchanga, Shemeji. Wewe ndiye uliyenifundisha." Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na Nolasco akakimbilia maji. Alipopata pumzi akasema, "Basi nitakupa pale chini, miguuni kwangu. Pazuri. Unaweza kuniangalia mbuzi wasipite."

Makubaliano yalifungwa hapo hapo, Nolasco akiwa shahidi. Alama ni ya Rosaura, nzima. Kila Jumapili ya msimu sufuria la supu ya kamba litapanda kwa Zunilda na Eleuterio, wakiwa hai wote wawili au mmoja. Kiwanja ni cha Otilia.

Bi Otilia Arredondo alifariki nyumbani kwake, asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2003, akiwa na miaka sabini na miwili. Rosaura alikuwa baharini. Zunilda aliyekuwa kando yake anasema maneno yake ya mwisho yalikuwa kuuliza kama boti imelemewa na mzigo au inaelea nyepesi. Iliporudi ilikuwa imekaa chini sana, imejaa mpaka ukingoni, na wale waliokuwa wakipunga mkono kwa dharau walisimama gatini wakaivuta kamba yake ya kufungia bila kuambiwa. Habari hiyo hakuisikia, lakini Zunilda anashikilia kwamba alishaiona dirishani.

Ameacha watoto wawili, Hernán Solís na Rosaura Solís, wajukuu watano, mdogo wake Zunilda, mitego arobaini iliyosukwa ukutani, na mikabichi kila lango mnaloliona mkigeuka nyuma. Mche mmoja utapandwa kichwani pake leo hii, udongo ukishashuka. Mpaka ukue, msalaba mweupe utafanya kazi. Mstari huo sasa mnaujua nyote, na Bwana Gumersindo naye yupo, anausikia. Wa pili hamtausikia.

Kwa upande wake, Eleuterio Maulén amepoteza katika miaka hamsini ya biashara na marehemu: mbuzi mmoja mara mbili, kundi moja, jiko moja, nusu ya alama, kisha nusu iliyobaki, na kaburi lenye upepo mzuri. Amepata mke, supu ya Jumapili, na mtu wa kupatana naye bei ambaye hakumwonea huruma hata siku moja. Ameipitia hesabu hiyo mara kadhaa akitafuta alipopunjwa, na hajapaona.

Pumzika, Shemeji. Uko kwenye mstari, na lango la makaburi limefungwa. Hakuna mbuzi.